Mkufu wa Saa

Kijijini kwetu mawe yalizaa kuliko shayiri,
kwa hiyo wasichana tulitembea.
Mgongoni meza ya duara, ndogo, yenye tundu katikati,
mfukoni vijiti na vipande vya risasi vya kuvuta nyuzi,
na ndani ya soksi karatasi ya kasisi
isemayo: huyu ni Knuts Marit, mwaminifu, haibi.

Tulisuka nywele za watu.
Si vichwani mwao. Vichwani kulikwishapita.
Hereni, pete, bangili, ua la kubana kifuani,
vyote kwa nywele, vyepesi hata mvaaji husahau
mpaka akumbuke.

Göteborg, mwezi wa Novemba, mvua ya kulala ubavu.
Bwana Ahlmark, muuza samaki wa chumvi,
alinifungulia mlango mwenyewe, mkono mmoja ndani ya koti
kama mtu aliyebeba yai.
Akaweka bahasha mezani. "Ni za Ottilia."
Homa ilipopanda daktari alimnyoa binti
apate kupoa.
Alipoa.

Alitaka mkufu wa saa.
Nilizichemsha kwa magadi, nikazianika karibu na jiko,
nikazihesabu ishirini ishirini kama alivyonifunza mama,
na kabla vidole havijamaliza nikajua:
hazitoshi.

Haba na haba hujaza kibaba, husema walio hai.
Haba ya marehemu haina nduguye wa kuijia.

Ningeweza kumwambia: Bwana, chukua pete.
Asubuhi ya pili nilifumbua mdomo,
naye alikuwa ananionyesha saa yenyewe
na tundu la kizibao alilolishona upya,
kwa mkono wake, vibaya, uzi mweusi kwenye kitambaa cha kijivu,
nikasema tu, "Ijumaa."

Usiku nilifungua kitambaa cha kichwa.
Rangi yake ilikuwa rangi yangu: shayiri iliyolowa.
Nilikata nyuma ya sikio, chini kabisa, mahali ambapo hata mchumba hapaoni.
Makasi yakateleza. Niling'ata mto.
Nikazichemsha nazo, kwa haki, kwa magadi yale yale,
nikazifunga risasi.

Vijiti kumi na sita kuzunguka tundu:
chake, chake, changu, chake,
huyu chini ya yule, yule juu ya huyu,
risasi zikigonga ubao, tik, tik,
na mshumaa wa Bwana Ahlmark ukila mafuta yake.
Hatukuwahi kuonana, Ottilia nami.
Tulilala kitanda kimoja chenye unene wa kalamu.

Ijumaa aliupokea kwa mikono miwili.
Akaupeleka puani.
Niliganda. Niliona kasisi akichana karatasi yangu.
Alinusa mara moja, mara mbili,
akafumba macho. "Ndizo," akasema. Kisha: "Ndiye."
Akanilipa, akaongeza pipa dogo la samaki
ambalo sikuweza kulibeba,
nikalibeba.

Miaka arobaini na moja.
Nimeolewa, nimezaa, nimezika,
na nisingelisema hili, Elfrida,
kama kitana chako kisingekwama hapo kwenye kovu
nawe ukauliza.

Yule mzee, kila alipotazama saa,
alinililia nami kidogo, ningali hai.
Sijui deni kama hilo hulipwa wapi.

Chana taratibu. Zilizobaki ni nyeupe, zakatika.
Lakini mahali fulani Göteborg, ndani ya droo,
nina miaka ishirini na miwili,
shayiri iliyolowa,
Ottilia amenishika, chini na juu, chini na juu,
wala hatuoti mvi.

Hizo zilizoanguka sakafuni, zifagie.