Kitandiko

Siku ya tatu leo tunapita tukisugua ukuta
kama mijusi, sahani mkononi.
Sebule imekaliwa.

Kitandiko kimelala juu ya magunia na shuka,
kizito kama kondoo aliyenyeshewa,
kimevutwa pembe nne mpaka kikasema basi.
Futi ya Ambilikile, fundi cherehani,
inasema upande huu mita mbili na robo;
ule, pungufu vidole vinne.

Pini ziliisha kabla ya ubavu wa mlangoni.
Nikamtuma Lwitiko kwenye mlimao:
miiba haishiki kutu.

Nje mvua. Hapa Tukuyu
jua huahidi tu.
Majiko mawili ya mkaa, dirisha wazi kidogo,
nami nagusa katikati kwa mgongo wa kiganja
kama ninavyopima homa.

Vidole vinne hivyo navijua.
Ni safu za mwezi wa nne,
Lwitiko wodini Makandana, mimi benchini,
sindano ya kroshia inauma uzi,
kila kitanzi kimekabwa koo.
Nimezilowesha, nimezivuta, nimezibana.
Zimeachia vidole vitatu.

Subilaga, atakayekitandika, anapiga simu:
Lini, dada?
Kikikauka.
Na kikikauka bado nifiche ncha za nyuzi,
kumi na saba, kwa sindano butu,
nizirudishe zilikotoka hadi zisionekane.

Kile kidole kimoja
sikivuti tena.
Nitamwambia tu, ukitandika,
upande huu uweke ukutani.