Daftari la Ajali

Lina jalada la kijani, kurasa tisini na sita,
tulilinunua Jinja mjini kwa hela za chai.
Safu ya kwanza tarehe, ya pili jina,
ya tatu kiungo.
Hapo kalamu huanza kukwaruza.

Gumba, la kulia.
Jicho, la kushoto.
Kidole cha shahada cha Muzamiru,
aliyeniuliza kesho yake, uso mkavu,
sasa atoe shahada kwa kipi.

Safu ya nne: siku alizokosa kazini.
Kiungo chenyewe kitakosekana hadi lini,
hakuna safu.

Ya tano: sababu.
Hapo meneja huja kunisimamia begani,
anatafuna karafuu, anahema.
"Andika uzembe. Neno fupi, halimalizi wino."
Nimeandika uzembe mara thelathini na moja.
Siku hizi herufi zinajipanga zenyewe.

Mashine ya kuchambua pamba tunaiita Nalongo,
mama wa mapacha,
kwa kuwa haichukui kimoja.
Ilikuwa na kinga: bamba la chuma, matundu manne ya skrubu.
Kinga iko stoo, paka amezalia juu yake.
Ilifunguliwa msimu ule wa oda kubwa
kwa kosa la kupunguza mwendo.
Mkaguzi akisikika kuwa ameshavuka Mto Nile,
kinga hufufuka, hupakwa rangi ya manjano,
na paka huhamishwa na wanawe,
kwa siku moja.

Sheria? Ipo.
Imebandikwa nyuma ya pipa la maji,
kwa Kiingereza, ndani ya kioo,
vumbi la pamba limeiotea mvi.

Naigaga, anayefagia, aliifuta kwa pindo la leso
saa ya posho na maharage.
"Karani, karatasi hii inasema nini?
Nisomee kwa lugha ya humu."

Lugha ya humu ni Kiswahili cha kuungaunga:
Msamia kaleta kipande, Mteso kipande,
Msoga kakishona, Mnubi anacheka mshono.
Nikasoma kwa hicho hicho.
Kila kinachozunguka kifungiwe.
Hewa ipite. Maji ya kunywa yawepo.
Anayeona hatari imemkaribia
ana haki ya kusogea, wala asiadhibiwe.

"Hiyo ya mwisho irudie."

Nikairudia.
Vijiko vilikuwa vimesimama.

"Iliandikwa mwaka gani?"
Elfu mbili na sita.
Akahesabu kwa vidole, anavyo vyote kumi.
"Mwaka niliomzaa Tenywa.
Kumbe ni rika lake.
Mmoja nikamnyonyesha, mwingine mkamweka nyuma ya pipa."

Tenywa ndiye anayemlisha Nalongo zamu ya usiku.

Jumanne, saa nane za usiku, Nalongo alikabwa na pamba mbichi.
Desturi ni kuingiza mkono huku anazunguka,
kwa kuwa kumzima ni dakika kumi na moja,
na dakika zina mwenyewe.
Tenywa alirudi nyuma hatua tatu.
Akatia mikono mfukoni.
Ni hivyo tu. Hakusema kitu.
Meneja alipiga kelele mpaka karafuu ikamtoka,
na Muzamiru, mlangoni, mwenye vidole tisa,
naye akatia mikono mfukoni.
Wa tatu simtaji.

Nikaitwa na daftari.
Tarehe, nikaandika. Jina, nikaandika.
Kiungo: vyote vipo.
Siku: sifuri.
Kwenye sababu mkono ulianza wenyewe kuandika u,
nikauzuia kama anayezuia mbuzi shambani,
na ile u nikaigeuza, ikawa kichwa cha paka,
sijui kuchora,
halafu kando yake nikaandika:
kinga iko stoo.

Zile thelathini na moja nilijaribu kuzifuta kwa mate.
Wino ni mzuri, wa Jinja mjini. Haufutiki.

Ufunguo wa kabati bado ninao.
Leo ni Jumatano.