Kichupa cha Buluu

Saa moja asubuhi natoka lindo,
nanuka sangara na moshi wa jenereta,
napanda ngazi za mawe za Mabatini
hadi chumbani kwa Lushinge, mpwa wangu.
Hapo mimi, mlinzi wa kiwanda cha minofu,
nakuwa mwizi.

Kompyuta ni ya mtumba, feni yake inakoroma.
Kwenye kioo: jumba, giza,
walinzi wawili wenye taa, mbwa mmoja.
Chini ya kitanda cha watu nimeokota kichupa,
cha buluu, hakina lebo.
Mchezo umeandika neno moja tu:
Hakijulikani.

"Kunywa, mjomba!"
Yeye hunywa. Juzi alikunywa kitu cha rangi ya ukwaju,
akawaka mwili mzima
kama karabai ya wavua dagaa usiku usio na mwezi.
Jumba zima likamwona.
Na mchezo huu hauna kurudi nyuma;
ukifa, unaanzia langoni, mikono mitupu.

Mimi sina haraka.
Usiku kucha nimelipwa kwa kutokuwa na haraka.
Natafuta chumba chenye dirisha la kutokea,
nazima mshumaa, nakaa.
Lushinge anadhani nimesinzia.
Nahesabu mlinzi wa ukumbini:
hatua kumi na moja, kikohozi, anageuka.
Namjua huyo. Aliyemtengeneza
hakika amewahi kukesha kwenye kiti cha plastiki.

Vichupa vikiwa viwili vya rangi moja, kimoja ni sadaka.
Nakirusha ukutani, mbali, upande ambao taa imetoka kupita.
Moshi? Moto? Au kimya,
ambacho nacho ni jibu, ila la kuchelewa.
Kikiwa kimoja, kinakaa mfukoni na kiu yangu.
Viatu navivaa kwanza juu ya zulia,
halafu kwenye majani makavu, halafu majini,
vigae mwisho kabisa,
maana kigae hakijui kutunza siri.
Pete sivai.
Kuna pete ikishapita kifundo cha kidole haitoki tena.
Lushinge anacheka, anautazama mkono wangu wa kushoto,
kisha anaacha kucheka.

Jumanne, saa tisa usiku, niko kazini.
Ziwa limelala, korongo wamejikunja juu ya paa
kama miavuli iliyosahauliwa.
Kwenye mabati ya stoo: ta.
Kijiwe.
Ndege hatupi jiwe.
Nikatulia. Dakika moja, mbili.
Ta. Safari hii karibu na kiti changu.

Nikaelewa, na moyo ukaruka kama sato kwenye ndoo.
Huko gizani, nyuma ya majabali ya ufukweni,
kuna mtu amejibanza ananihesabu:
huyu ni wa kulala? Wa kupiga kelele? Wa kufyatua?
Mimi ndiye kichupa.
Mimi ndiye kitu kisicho na lebo,
na yeye, mjanja, amenirushia kabla ya kuninywa.

Kule chumbani mlinzi ningempita kwa kumchoka.
Hapa nilikuwa na tochi, filimbi,
na goti moja bovu.
Sikupuliza. Niliwasha tochi, nikaielekeza chini,
kwenye viatu vyangu mwenyewe, ili avione,
nikaizima.
Nikakohoa.

Maji yakasema kidogo kati ya mawe,
hatua za mtu asiye na viatu,
tatu, nne, zikapotelea upande wa Kirumba.
Alikuwa mwangalifu. Nilimwombea afike kwao.

"Basi leo unakunywa?" anauliza Lushinge.
Chai inapoa. Kichupa kinang'aa kidogo kwenye kioo.
Mlinzi wa ukumbini anakuja:
tisa, kumi, kumi na moja.
Nangoja kikohozi.