Ufunguo wa Kabati la Chini

Saa tisa usiku, simu ya Mama Ndeanasia, Kibosho:
"Daktari, Tausi anasukuma tangu jioni.
Miguu imetoka miwili, kichwa hatukioni."
Nikavaa buti ambazo hazijakauka tangu juzi.

Pikipiki ikapanda kati ya migomba,
ukungu ukinilamba miwani.
Bandani palikuwa na tochi ya simu tu;
mjukuu ameishika kwa mikono miwili
kama mshumaa wa kipaimara.

Mkono ukazama hadi begani.
Chuoni hakuna aliyeniambia
kwamba ng'ombe akisukuma, mfupa wako ndio unaosagwa,
kwamba vidole hufa ganzi vikitafuta sikio, taya, pua,
na kwamba mtu anaweza kusali vizuri tu
shavu lake likiwa limelalia paja lenye kinyesi.
Nilikipata kichwa. Kimegeukia ubavuni
kama mtoto aliyenuna.

Ndama alitoka amekufa.
Tausi akamlamba hivyo hivyo.

Mama Ndeanasia hakulia. Alinifungia mkungu nyuma ya kiti.
"Pesa, mpaka maziwa yarudi."
Nikamwandika daftarini, wa thelathini,
chini ya ishirini na tisa ambao maziwa yao hayajarudi.

Saa tatu asubuhi, Kiborloni, kliniki imeshajaa.
Bwana Makundi, mlinzi wa zamani wa mashamba ya miwa,
amembeba Komando kwenye gunia la mbolea.
Gari, barabara ya Himo, halikusimama.
"Atasikia maumivu?"
"Hapana."
Akakishika kichwa cha mbwa mpaka mwisho, na baada ya mwisho.
Kisha: "Na wewe, daktari, ukirudi nyumbani unafanyaje?"
"Nakula."
Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa chenji pungufu
akaamua kutodai.

Mama yangu huwaambia wenzake kanisani, "Binti yangu ni daktari,"
halafu anakohoa, ili neno "mifugo" lipite chini ya kikohozi.
Mwaka jana niliugua homa ya kutupa mimba,
ile ninayowaonya wengine kila wiki.
Jasho la usiku, magoti ya bibi kizee.
Mama alileta mtori, akaniangalia nikinywa:
"Ungetibu watu, ungeugua magonjwa ya watu."
Tulicheka. Nilicheka mpaka nikaona si kicheko tena.

Kabati la chini lina ufunguo mmoja.
Jioni ya siku ile ya Komando, wagonjwa wameisha,
nililifungua kuandika kilichobaki,
nikajikuta napiga hesabu
isiyokuwa ya mnyama.

Nikafunga. Nikatoka uani.
Elinami alikuwa anaosha mabakuli, redio inasoma bei za mahindi.
Nikamwambia, "Kaa nao wewe.
Nikiuhitaji, niulize ni kwa mnyama gani."
Hakuuliza sababu. Alifuta mikono kwenye suruali,
akautia kwenye uzi wa rozari yake, ndani ya shati.

Kesho yake, punda wa Mbokomu, mguu umevunjika mara mbili.
"Mnyama gani?"
"Punda."
"Tunakwenda wote," akasema, akachukua kofia.

Tangu hapo huniuliza hata nisipouhitaji.
Nasaga dawa ya minyoo, nasikia nyuma yangu:
"Mnyama gani leo?"
Na siku moja nilimjibu, "Mimi,"
naye akazima redio, akavuta kigoda, tukakaa.

Mwezi wa tatu, chupa ya maziwa mlangoni,
mdomo umezibwa kwa jani la mgomba.
Nikakata jina moja.
Yamebaki ishirini na tisa,
na simu inaita tena.