Nusu Tola

Duka la ami Shekuwe, Langoni, halizidi kabati kwa upana.
Jioni hafagii; anachunga.
Vumbi la mkeka hulitia koponi,
mwisho wa mwaka hulichoma, na jivuni
hutoka chembe ya dhahabu, kama yai la chawa.
"Hii ndiyo kodi ya duka," husema.

Nilimwandikia programu kwa lugha ya C:
mistari arubaini, usiku mmoja.
Mashine haikunung'unika. Nikajiona fundi.

Wakaja Mwanashee na Bishara na mkufu wa marehemu mama yao,
tola saba, wagawane sawa.
Nikaandika saba kwa mbili,
na jibu nikalitengea chombo cha desimali, kipana,
chenye nafasi ya nukta na mkia wake wote.
Kioo kikasema 3.000000,
sufuri sita zimejipanga kama meno ya bandia.

Bishara akahesabu vidole.
"Tatu na tatu, sita. Ya saba kala nani?"
Ami akaniangalia mimi, kisha akaangalia sakafu.

Na mimi nilifundishwa haya, nikayasahau:
saba ni nambari kamili, mbili ni nambari kamili,
na kamili kwa kamili hazizai nusu.
Nusu ilikatwa kabla ya kufika chomboni;
chombo kilipokea masalio, kikayapamba kwa sufuri.
Hakuna aliyeichunga.

Nikaongeza nukta. 7.0.
Tundu la sindano,
na tatu na nusu ikapita hapo, nzima.

Wale wakaenda zao. Mimi sikulala.
Nilijumlisha sehemu ya kumi ya tola, mara tatu,
nikauliza: je, ni sawa na sehemu tatu za kumi?
Ikajibu: si sawa.
Mashine huhesabu kwa mbili tu,
na sehemu ya kumi, kwa mbili, haina mwisho;
basi hukatwa mahali,
na panapokatwa hukadiriwa.

Asubuhi nikamweleza ami. Chombo kipana nacho
hakishiki sawasawa.
Alikuwa anapuliza mizani yake ya shaba;
sahani moja ilicheza, haina kitu.
"Kosa kiasi gani?"
"Nukta, sufuri kumi na sita, kisha tano."
Akafikiri, mkono ukingoni mwa kopo.
"Imepungua au imezidi?"
"Imezidi."
"Basi mpe Bishara."