Kibano

Jicho la kushoto lilikuwa zamu ya Ijumaa,
la kulia Jumatatu.
Mama alikaa kizingitini, uso kaupa jua,
nami, mtoto wa miaka tisa, nikasimama kati ya magoti yake
na kibano cha shaba alichonunua Handeni
kwa bei ya kuku mtetea.

"Usinionee huruma," alisema.
"Huruma hutetemesha mkono."

Nikajifunza kuukamata ukope kwenye shina,
si kwenye ncha, maana ncha hukatika
na kisiki kinachobaki kina makali kuliko mti.
Nikajifunza kwamba chozi si kilio:
ni maji tu, yamekuja kuzima kitu kinachochoma.
Kila ukope nikaupangusa kwenye kanga yake,
nikihesabu: nne, saba, kumi na moja.
Wiki mbili zikipita zimerudi, fupi, ngumu,
kama magugu baada ya vuli.

Majirani walisema ni kijicho cha watu.
Mama alisema ni maji:
ndoo moja, watu saba,
nani angenawa uso?
Nzi walitujua kwa majina.

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga.
Chake kilikuwa karibu kuliko nguo.
Kila alipopepesa alijipiga fagio kwenye mboni.
Wewe mwenye macho mazima, fanya hesabu:
umepepesa mara ngapi
tangu uanze kunisoma?

Mkono ule ndio ulionipa kazi.
Leo nina meza Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
natengeneza saa.
Skrubu ndogo kama mbegu ya mchicha
naiokota bila kupapasa.
"Ulisomea wapi, fundi?"
Nyumbani, nasema.

Saa ndiyo iliyomleta Sista Shemdoe,
ile ya kubana kifuani, imegoma saa nne na robo.
Mama alikuwa nyuma yangu, kajiziba jicho kwa pindo la kanga.
Sista akaisahau saa.
"Bi Nakijwa, tazama chini." Akalibinua kope la juu kwa kidole.
"Nani anakung'oa?"
Nikanyoosha mkono
kama mwanafunzi aliyevunja dirisha.
"Umeuchelewesha upofu," akaniambia.
"Kuchelewesha si kuzuia."

Chumba kidogo, feni inalalamika.
Kitambaa cha kijani chenye tundu moja,
na ndani ya tundu
jicho ninalolijua kuliko mtu yeyote duniani.
Sindano ya ganzi. Mama akasema Bismillahi,
kisha akauliza kama nimezima jiko la maharage.
Sikuwa nimezima.

Sista akakata upande wa ndani, sambamba na ukingo,
mstari mfupi kama kistari cha daftari;
uzi mweusi, mishono mitatu,
akaukunjua ukingo kuelekea nje
kama fundi cherehani anayerudia pindo
lililokunjwa kinyume na mwenzake.
Nilikitazama kibano chake.
Hakikung'oa kitu.

Siku ya nane nyuzi zikatolewa.
Ukungu uliokwisha kuingia hautatoka,
Sista hakutudanganya.
Lakini Ijumaa, kwa mazoea tu,
mama akaketi kizingitini, uso kaupa jua,
nami, mtu wa miaka arobaini na sita, nikapiga magoti,
nikatafuta.
Kope zote zilitazama barabarani.
Hatukujua tuifanye nini mikono yetu.

Akanitazama muda mrefu. Hakupepesa.
Kisha akapepesa, taratibu, kama anayejaribu ngazi mpya,
akacheka.
"Kumbe una mvi!
Lete hicho kibano. Inamisha kichwa."

Akapapasa, akachagua, akavuta.

Ulikuwa mweusi.
Nikanyamaza, nikamwinamishia tena.