Kiti cha Mwalimu

Desmond Coutts aliinunua mnadani, vita vilipokwisha,
kwa bei ya ng'ombe watatu wa maziwa.
Ndege ya mafunzo: mbawa nne za mbao na turubai,
na mgongo uliozoea matusi ya makuruta.
Rangi yake ya manjano tukaifunika kwa ya fedha,
kwa brashi ileile ya mabati ya zizi la kondoo.

Kisha tukang'oa kiti cha mbele,
kiti cha mwalimu.
Kilitoka kwa shida, skrubu zimeliwa na kutu.
Chini yake tukakuta penseli, peremende iliyoyeyuka ikaganda,
na maandishi ya ncha ya kisu:
Pascoe. Lyndon H. Mwingine hakuacha jina,
aliandika tu, naogopa.

Mahali pa mwalimu tukaweka debe kubwa la mbolea.
Ule mpira wa sauti, aliomfokea nao mwanafunzi,
inua pua, inua pua!
tuliuacha. Coutts aliuweka sikioni kutuchekesha:
"Leo mwalimu kanyamaza. Leo kashiba."

Mimi Tamahou, miaka kumi na tisa, kazi yangu koleo.
Vilima vyetu vya Wairarapa vimesimama wima,
trekta haivipandi, farasi huvipanda akijuta.
Ndege ikavipanda. Mara arobaini kwa siku, hamsini,
inatua kwenye nyasi, injini haizimwi,
namimina, naipiga ubavu mara mbili kwa kiganja,
inaondoka ikikohoa vumbi.
Jioni sote weupe, mimi Mmaori na yeye Mzungu,
hajulikani nani ni nani hadi tuoge.

Ilikuwa Machi, Alhamisi, upepo umegeuka.
Bi Birkett, mwenye shamba, alitaka tumalize kabla ya mvua.
"Nijazie," Coutts alisema. Nikajaza.
Gunia likabaki na koleo mbili hivi.
Gunia lililofunguliwa haliachwi, ndivyo nilivyolelewa.
Nikatia nazo.
Nikaipiga ubavu mara mbili.

Haikuporomoka. Ilipanda, ikasita,
ikakilalia kilima
kama mtu aliyechoka akilalia kitanda na viatu vyake.
Hapakuwa na moto. Vumbi tu, likichukua muda wake kushuka.
Nilipofika injini ilikuwa inadondosha mafuta, tone, tone.
Ubavuni fedha imebanduka, manjano inachungulia,
na namba za jeshi, nzima,
kana kwamba zinangoja kuitwa kwenye gwaride.
Mpira wa sauti ulikuwa begani mwake.
Nilishika ncha ya pili, nikasema kitu ndani yake.
Sitakisema hapa.

Wachunguzi walikuja na utepe wa kupimia.
Wakaniuliza uzito. Nikasema, wa kawaida.
Wakaandika: upepo.
Propela ilikwenda ukutani kwa Birkett, juu ya meko.
Bawa moja likawa mlango wa banda la kuku,
kuku wakaingia na kutoka chini ya duara la jeshi.
Noeline, mjane wake, alitaka saa ya mkononi tu.
Ilikuwa bado inatembea. Hilo ndilo lililomliza.

Na pale, mzigo ulipomwagika wote mahali pamoja,
nyasi ziliota kwa fujo,
kijani cha kuumiza macho, miaka sita, saba.
Kondoo walipagombea. Nikawa nawafukuza kwa mawe,
halafu nikaacha. Wangejuaje?

Bingwa mmoja wa ndege aliniambia juzijuzi:
koleo mbili haziwezi kuiangusha.
Labda.
Lakini dukani, binti akinipimia sukari,
mkono wangu huujua uzito kabla ya mizani.
Punguza kidogo, namwambia.
Ananitazama.
Punguza tena.